Ndoa ya Ligi Mbili za Magari: Nani Alikula, Nani Aliachwa Solemba?

Stendi ya Kyela hii ishu inajulikana. Coaster za mabosi wawili zikigombania abiria wa Mbeya, utapokelewa begi bure na utaitwa "bosi" hata kama mfukoni una nauli tu. Siku mabosi hao wakikaa chini na kukubaliana zamu, utaambiwa huduma inaboreshwa. Kumbe gari halitoki mpaka lijae, na wewe uko dirishani jasho linakutoka. Kuungana si dhambi wadau. Ila kabla ya kupiga makofi, uliza nani kamfuata nani, na kwa nini leo.

Swali hilo mashabiki wengi wa mbio za magari walilirukaga pale Daytona, Marekani, tarehe 5 Septemba 2012. Siku hiyo ligi mbili hasimu zilitangaza kuungana: American Le Mans Series, iliyoanza 1999, na Grand-Am, ambayo mbio zake zilianza 2000. Usichanganye na Safari Rally ya kule Kenya, ya vumbi na tope. Hizi ni mbio za magari ya spoti kwenye lami, madereva wanapokezana usukani, na nyingine zinapigwa saa 24 bila kulala.

Nyuma ya kila ligi kulikuwa na kigogo. Upande wa American Le Mans alikuwepo mzee mmoja wa miaka 77, aliyetajirika kwa biashara ya dawa na kutajwa sana kwenye historia ya ile plasta ya nikotini ya kubandika ngozini. Upande wa Grand-Am kulikuwa na familia moja, wenye NASCAR yao, ambao kwenye mbio za magari Marekani ni kama mwenye soko, mwenye meza na mwenye mizani kwa pamoja.

Jukwaani ilikuwa tabasamu na maneno ya umoja. Lakini tazama hali ilivyokuwa. Tangu uchumi wa dunia uyumbe mwaka 2008, wadhamini walikuwa wamebana mifuko, na kidogo kilichobaki kiligawanywa kwa ligi mbili zinazotafuta shabiki yule yule na televisheni ile ile. Juu ya hapo, mwaka 2012 wenye Le Mans wa Ufaransa na FIA walianzisha ligi ya dunia, na Audi, walioipa American Le Mans heshima miaka ya nyuma, wakaweka nguvu huko. Mzee wa dawa akabaki na jina kubwa na meza inayopungua sahani.

Kwa hiyo iliyoitwa ndoa ilikuwa na risiti. Familia ya NASCAR ilinunua: chama cha IMSA kinachosimamia mbio, uwanja wa Road Atlanta, hadi haki ya kuendesha uwanja wa Sebring. Daytona tayari ulikuwa mikononi mwao. Refa na mwenye uwanja wakawa wa nyumba moja.

Hapo ndipo wa kuumia alipoanza kuonekana. Msimu wa pamoja ulipoanza 2014, daraja la juu kabisa la American Le Mans, lile la P1, halikuwepo tena. Timu iliyokuwa imenunua gari la daraja hilo ikajijua yenyewe. Magari ya P2, yenye bodi ya nyuzi za kaboni, yakawekwa kundi moja na yale ya Daytona Prototype ya mirija ya chuma, halafu wakubwa wakaanza kuyasawazisha: huyu ongeza uzito, yule punguza hewa inayoingia kwenye injini. Ni kama kushindanisha mtumbwi na boti ya injini hapo Matema, halafu mwenye ufukwe ndiye anaamua nani abebe mawe mangapi.

Matokeo? Mwaka 2014, 2015 na 2016, taji la madereva wa daraja la juu lilienda kwa Daytona Prototype, yaani gari la upande wa walionunua. Inawezekana kabisa walishinda kwa jasho lao, maana timu ile ilikuwa nzuri. Lakini refa akiwa ndugu wa mwenye nyumba, hata goli halali linanuka.

Haki isemwe pia. Mbio za kwanza za pamoja, Daytona Januari 2014, yalipangwa magari 67. Mwaka 2017 zikaja sheria mpya, zile Daytona Prototype zikastaafishwa. Kufikia 2023, Porsche, BMW, Cadillac na Acura wote walikuwa daraja moja, na gari likaruhusiwa kushindana Daytona na Le Mans pia. Bila kuungana, huenda ligi zote mbili zingekufa njaa. Muungano wenyewe ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni bili: walioamua walikuwa wawili, waliolipia walikuwa wengine kabisa, na hawakuitwa kwenye kikao.

Sasa rudi nyumbani. Chukulia bosi mmoja wa mchele ana kombe lake la mpira msimu wa mavuno, na bosi mmoja wa kokoa naye ana lake. Kesho wanatangaza kombe moja "kwa ajili ya vijana". Safi, zawadi itanona. Lakini ile timu ya Ipinda iliyochangishana mia tano mia tano ikalipa ada kwa kombe lililofutwa, inarudishiwa? Marefa anawateua nani? Na kama mechi zote zinahamia mjini, nauli ya vijana wa Matema anatoa nani?

Kigogo akijibu hayo hadharani kabla ya kukata utepe, mpigie makofi mpaka viganja viume. Akikwepa, jua harusi imeshalipiwa, na aliyechangishwa hata pilau hataonja.

Mdau, kwako wapi waliwahi kuungana wakakuacha solemba? Dondosha maoni hapo chini, ila majina ya watu weka mfukoni.