Mbwa Aliyepasuliwa Goti Haharibiwi na Kisu, Anaharibiwa na Sisi

Ndugu wafugaji, na ninyi wenye maduka vijijini, leo nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mbwa akigongwa na bodaboda, mtu mwema akamwokota, daktari wa mifugo akamshona goti, kisha mbwa yule akabaki kilema, mara nyingi kosa si la daktari. Ni letu sisi tuliomfungulia siku ya 5 kwa sababu "ameshachangamka".

Kuchangamka huko ndiko kunakotudanganya. Maumivu yakipungua, mbwa hujiona mzima, naye hajui kwamba ndani bado hakujashika. Mfupa huhitaji wiki 8 hadi 12 kuunga. Kano ya goti nayo haina haraka. Ruka moja ya kumfukuza kuku inatosha kung'oa alichofunga daktari. Mtu akiwekewa hogo hatumtumi kisimani, lakini mbwa tunampeleka machungani na mbuzi wiki ileile!

Hoja ninayoisikia kila kijiji ni hii: mnyama hujiponya mwenyewe, hata wa porini hawana daktari. Ndiyo, hawana, na ndiyo maana wengi wenye mguu mbovu hukonda na kuliwa na fisi. Tunamkumbuka mmoja aliyepona. Waliokufa vichakani nani aliwahesabu? Wengine husema ulimi wa mbwa una dawa, mwacheni ajilambe. Ulimi huo hukata nyuzi na kuingiza uchafu kwenye mshono. Chukua ndoo kuukuu ya plastiki, toboa kitako ukubwa wa shingo yake, lainisha kingo kwa kitambaa, mvishe mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Atakuwa kichekesho mtaani. Na acheke anayecheka.

Sasa nije kwenu wenye maduka. Mteja anakuja, anasema mbwa wake analia usiku, nawe unampa diklofenaki au ibuprofeni ya watu. Dawa hizo humtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli nayo si ya kumpa kwa kukisia, na paka humuua kabisa. Wapo pia wanaodunga oksitetrasaiklini kwa kila ugonjwa, kana kwamba sindano ile inaunga kano. Haitulizi maumivu, haiungi kitu. Dawa ya maumivu ya mbwa huandikwa na daktari wa mifugo kwa uzito wa mbwa. Kama huna, sema huna. Hakuna aibu katika kukosa bidhaa.

Kazi ya nyumbani yenyewe haina gharama kubwa. Mtengee kona au banda dogo la kumwezesha kusimama na kugeuka, si la kukimbilia. Sakafu ya saruji laini huteleza, kwa hiyo tandika magunia makavu. Mnyororo mfupi juani siyo mapumziko, ni adhabu, na akiushindana nao ataumiza goti lilelile. Siku 3 za kwanza, zungushia barafu kitambaa, mwekee gotini dakika 10, mara 3 kwa siku. Akienda haja, mtoe kwa kamba, dakika 5, mrudishe. Akiyumba, pitisha kanga chini ya tumbo umnyanyue nyuma. Ugali upungue, maana mbwa asiyekimbia hunenepa, na kila kilo inayoongezeka inabebwa na magoti. La pili nalo huwa hatarini, kwa sababu ndilo linalobeba zamu ya mwenzake.

Huyu wa kuokotwa ana jambo lake la ziada: hujui alikotoka. Uliza daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, na watoto wasimshike kidonda. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Najua swali lililobaki: pesa zote hizi kwa mbwa? Swali ni halali, ila liulizwe kabla ya kisu. Mbwa mdogo, chini ya kilo 15, aliyekatika kano mara nyingi huweza kutembea tena kwa mapumziko na kupunguza uzito, bila upasuaji. Aliyevunjika vibaya na hana wa kumtunza, daktari anaweza kumlaza bila mateso, na huo ni uamuzi wa kiungwana kuliko kumtupa dampo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Nisichokubali ni kulipia upasuaji kisha kumwacha azurure, halafu kutangaza kilabuni kwamba madaktari wa mifugo ni matapeli.

Kuanzia wiki ya 6, kama daktari ameridhika, ongeza mwendo wa kamba kidogokidogo, kwanza njia tambarare, milima baadaye. Ulinzi wa zizi na kukimbiza ngedere shambani vingoje mpaka apimwe tena. Mshono ukivimba, ukitoa usaha, au wiki 2 zikipita bila kukanyaga hata kwa ncha za vidole, mpigie daktari. Usimpigie jirani.