Neno la Mhojiwa Lina Mwenyewe

Kuuliza si ujinga, wametuambia wahenga. Lakini hawakusema kwamba kila aulizaye ana haki ya kuondoka na jibu kama mtu aliyeokota embe njiani. Embe la njiani huenda halina mwenyewe. Neno la mtu lina mwenyewe. Hilo ndilo linalosahauliwa na watafiti wetu wengi, nami sioni sababu ya kulisema kwa kunong'ona.

Siyadharau mahojiano. Bila mahojiano, sehemu kubwa ya historia yetu ingebaki katika majalada ya watawala. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda kuwauliza wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakati baadhi ya walioviona walikuwa bado hai. Majalada ya Wajerumani yalieleza waasi. Wazee walieleza watu. Vivyo hivyo Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, aliwasikiliza Bibi Titi Mohamed na wenzake, akaonyesha jinsi vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam vilivyokieneza chama hicho. Nyaraka pekee zisingetosha.

Basi ugomvi wangu si na chombo, ni na mkono unaokishika. Mtafiti hufika saa nne, gari linamngoja, ana maswali ishirini na karatasi ya kutiwa sahihi. Anamwuliza mama, "Hali ya maisha ikoje?" Mama anajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Mtafiti anaandika: ameridhika. Loo! Hajui kwamba hilo ni jibu la salamu? Kwetu mtu hammwagii mgeni shida zake mlangoni. Hata mgonjwa aliye kitandani hujibu kwanza kwamba hajambo, ndipo aeleze maumivu. Mtafiti asiyengoja ameondoka na salamu tu, na salamu hiyo itaitwa matokeo ya utafiti. Tena pengine mama huyo ameulizwa mbele ya mumewe, au mbele ya mwenyekiti wa kijiji aliyemleta mgeni. Atasema nini?

Wako watakaonijibu kwamba kuna kibali na sahihi. Naam, vipo. Lakini sahihi hiyo humlinda nani? Mhojiwa ametia dole gumba katika karatasi ambayo haibaki kwake. Maneno aliyoyasema kwa Kiswahili yanageuzwa kuwa Kiingereza, yanakatwakatwa, yanapangwa chini ya vichwa asivyovijua, kisha yanachapwa katika kitabu asichoweza kukinunua wala kukisoma. Juu ya jalada pana jina la mtafiti. Ndani, mwenye habari ni "mzee mmoja".

Watasema jina limefichwa ili kumlinda. Kweli, ziko habari ambazo kumtaja msemaji ni kumtia hatarini. Anayesimulia kipigo cha mumewe au rushwa ya mkubwa wake, na afichwe. Lakini mzee aliyeeleza jinsi baba yake alivyounda majahazi anafichwa nani asimwone? Huko si kumlinda, ni kumfuta. Aulizwe yeye mwenyewe kama anataka kutajwa.

Nasema hivi: mahojiano yasihesabiwe kuwa yamekwisha mpaka maneno yamerudi kwa mwenyewe. Mtafiti arejee, amsomee mhojiwa alichokiandika, kwa lugha ile ile waliyozungumza, naye apewe nafasi ya kusema, "Hapa hukunielewa."

Najua watalalamika kwamba fedha na muda havitoshi. Ajabu ni kwamba nauli ya kwenda kuyasoma matokeo ugenini hupatikana. Kama fungu ni dogo, wahojiwe watu kumi na wawili badala ya arobaini, na wote kumi na wawili warudiwe. Utafiti wa namna hii haukusudii kuhesabu vichwa; unakusudia kuelewa. Anayetaka hesabu aende na hojaji yake, ina kazi yake.

Wala jambo hili si la adabu tu, ni la ukweli. Mara ya pili mtu huongeza lile alilolizuia mara ya kwanza. Na pale anapoikataa sentensi, mara nyingi ndipo mtafiti alipokuwa amepachika mawazo yake mwenyewe na kuyaita ya mwingine.

Wanaosimamia tasnifu vyuoni wanaweza kulianza hili bila kungoja sheria: wasiipitishe sura ya mbinu za utafiti isiyoeleza maneno yalirudishwaje. Nawe, ndugu msomaji, siku utakapobishiwa hodi na mwenye daftari na kinasa sauti, mkaribishe, mpe kiti, mjibu kwa moyo mweupe. Kisha, kabla hajatia sahihi yake wala wewe yako, muulize swali moja tu: atarudi lini?