Mfereji wa Barafu na Hesabu za Mwekezaji

Mbio za luji za vijana zaweza kuonekana haziwahusu wafanyabiashara wetu. Kijana hulala chali juu ya kigari kisicho na magurudumu, akateremka kwa kasi katika mfereji wa barafu. Lakini mfereji huo ni mali, na kila mali ina hesabu zake.

Lillehammer, Norway, ilijenga wake kwa Olimpiki ya 1994. Mwaka 2016 mfereji uleule ukapokea Olimpiki ya Vijana wa miaka 15 hadi 18. Kule Cesana, Italia, mfereji wa Olimpiki ya 2006 uligharimu yuro zipatazo milioni 110, ukafungwa kabla ya kutimiza miaka 10. Kugandisha barafu kulitaka mitambo na umeme. Wateja wa kulipia hawakutosha.

Kwa maoni yetu, mashindano ya vijana hayajazi sanduku la fedha, ila huifanya mali isilale. Mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kununua hisa za mradi mpya asivutiwe na sherehe za uzinduzi. Aulize kwanza: mwaka wa kumi, nani atakuwa mteja, na nani atalipa bili?