Baridi ya Umatengo Si Chandarua

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Kitai, njia panda ya Mbinga na Lituhi. Anayeshuka kutoka milima ya Umatengo na anayepanda kutoka Ziwa Nyasa hukutana hapa na, usiku ukiwakuta, hung'atwa na mbu wale wale.

Tumezoea kusema malaria ni ya watu wa ziwani. Milimani, tunasema, baridi inatulinda. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli. Kimelea cha malaria hutegemea joto kukomaa ndani ya mbu: kwenye nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi, kwenye 20 karibu mwezi, na chini ya 16 hakikomai. Mbu wanaoishi mwezi mzima ni wachache. Basi nyuzi mbili tu zikiongezeka, hesabu ya Litembo, kule milimani, inageuka, na mwenyeji hata hatahisi tofauti.

Sisemi kila homa imeletwa na tabianchi. Watu wanasafiri, mabonde yanalimwa, malori ya makaa ya mawe yanapita, na mashimo ambamo wajenzi wa barabara walichimba kifusi yanajaa maji. (Ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, zisisingiziwe: kazi yake ni kuyapenyeza maji ardhini.) Lakini tutatenganishaje sababu hizo bila takwimu?

Zahanati zinazo. Bandikeni majibu ya vipimo vya malaria kila mwezi, kata kwa kata, pamoja na joto na mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kitaifa, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022. Wastani huo hauniambii kama Litembo inapanda huku Kitai ikishuka.

Mpango wa vyandarua shuleni ulianza mwaka 2013 hapa Ruvuma, Lindi na Mtwara. Mzazi wa milimani aambiwe kwamba chandarua ni cha kulalia hata Julai. Na tangu mwaka 2017, Rais Magufuli alipoagiza halmashauri zinunue viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu kutoka kiwanda cha Kibaha, sisi tumenunua lita ngapi, na zimemwagwa kwenye mashimo yapi?

Mvua huanza Novemba. Naomba majibu ya maswali haya yasomwe kwenye baraza la madiwani kabla ya hapo, na wajenzi wa barabara waitwe kufukia mashimo yao.

Wako,
Mkazi wa Kitai