AFYA YA FAMILIA: Nani Analipia Matibabu Yetu?



Katika semina za akina mama, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine si la ugonjwa bali la fedha. "Dada muuguzi, tunaambiwa huduma ya mjamzito ni bure. Mbona nikifika naambiwa nilete glovu na pamba?" Mwezi huu tulizungumze jambo hili, maana mama anayeogopa gharama huchelewa nyumbani, na uchungu wa uzazi hausubiri pesa zipatikane.

Wale wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka wakati matibabu katika hospitali za serikali ya Tanzania yalikuwa bila malipo. Mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za kujipatia faida zilipigwa marufuku; zile za mashirika ya dini ziliendelea. Lakini fedha za serikali hazikutosheleza dawa na vifaa. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 utaratibu wa kuchangia gharama ulianza katika hospitali kubwa za serikali.

Tangu hapo fedha za matibabu hutoka mahali pengi. Hospitali ya serikali huendeshwa kwa kodi, misaada ya wafadhili, malipo ya wagonjwa na bima. Hospitali binafsi hutegemea malipo ya mgonjwa, mwajiri wake au bima yake. Hospitali za makanisa ziko katikati. Nyingine ni hospitali teule za wilaya: jengo ni la kanisa, lakini serikali husaidia ruzuku na mishahara. Kwa hiyo usidhani kila hospitali ya misheni ni ghali, wala kwamba kila huduma yake ni ya bure.

Sasa turudi kwenye swali la "bure". Sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Huo ni msamaha wa kweli, na ni haki yako. Tatizo ni kwamba msamaha unaondoa malipo yako, lakini hauleti glovu mpya stoo. Vifaa vikiisha kabla vingine havijafika, muuguzi hana cha kukupa. Basi usinyamaze. Uliza kwa upole: "Hiki ninachodaiwa ni malipo, au ni kifaa kilichokosekana?" Kama ni malipo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na tangu siku ya kwanza ya kliniki, weka akiba kidogo kidogo ya vifaa na ya usafiri.

Njia ya pili ni bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza na watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara hutolewa na mtumishi, asilimia 3 na mwajiri. Kwa sisi wa vijijini, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa hiyo ulizia viwango vya sasa katika zahanati yako.

Wengine husema, "Nililipa mwaka mzima, sikuugua, pesa yangu imepotea." Dada yangu, bima si upatu. Katika upatu kila mmoja husubiri zamu yake. Katika bima, heri yule ambaye zamu yake haikufika. Fedha yake imemtibu mtoto wa jirani, na kesho ya jirani itamtibu wa kwake. Tukingoja kuugua ndipo tujiunge, mfuko utakauka. Kadi ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka ilituonyesha hilo: mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, Mfuko ukieleza kwamba wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa.

Nawaombeni mfanye mambo manne mwezi huu. Kwanza, kaa na mzee wa nyumba mwulizane kama jina lako na ya watoto yote yamo kwenye bima yake. Wako wanawake wanaogundua dirishani kwamba hawakuandikishwa. Pili, tazama tarehe ya kadi kwisha. Tatu, jua ni vituo gani vinaipokea. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko wa Taifa kwa sababu ya mvutano wa bei, kwa hiyo ujue pia kituo cha pili. Nne, anzia zahanati na ufuate rufaa, isipokuwa kwa dharura. Ukiruka ngazi, kadi yaweza kukataliwa.

Hata hivyo, mama akitokwa damu au mtoto akipata degedege, msihesabu fedha kwanza. Nendeni. Ya malipo mtayazungumza mgonjwa akiwa mikononi mwa waganga.

Nawatakieni afya njema nyumbani mwenu.