Landlodi Ananunua Shawa, Mpangaji Ananunua Moto

KANDO YA CHANIA
Na Gathoni Mwaura

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, simama kwenye ngazi za ploti yoyote ya ghorofa kule Makongeni, Thika, utasikia jengo likiamka kwa swichi. Tak, orofa ya pili. Tak, orofa ya nne. Ni zile swichi kubwa zenye kitaa chekundu nje ya mlango wa bafu. Taa ya ngazini inafifia kidogo, kisha inarudi. Ukutani, kijitaa cha mita kilichopepesa polepole usiku kucha sasa kinapepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi, na kila pepeso ni pesa ya mtu.

Wageni hudhani Kenya nzima ni jua. Sisi tunaolala kati ya Ruiru na mto Chania twaijua gathano, msimu wa baridi. Maji yanashuka kutoka milima ya Nyandarua yakiwa baridi, ukungu unakaa hadi saa nne, na tangi jeusi juu ya paa linaamka likiwa baridi vilevile. Mtoto wa shule hawezi kuogea maji hayo. Kwa hiyo mzazi atawasha shawa ya instanti, au atatia koili kwenye ndoo, au atabandika sufuria kwenye gesi. Na kila mwaka msimu huu wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani wapate joto, wakafunga dirisha, wakalala, wasiamke. Hao tumewazika Githurai, tumewazika Gatundu, na bado tunaliita jambo hilo bahati mbaya.

Ndugu zetu walioko ng'ambo wananiambia mjadala wa huko ni pampu za joto. Uingereza, serikali humpa mwenye nyumba pauni 7,500 ang'oe boila ya gesi na kuweka pampu. Norway, nchi ya theluji, nyumba nyingi zimeshahama. Nilipoanza kulitaja neno hilo hapa Thika niliambiwa ni mambo ya wazungu, kwamba sisi hatupashi nyumba joto. Ni kweli, nyumba hatupashi. Maji je?

Pampu ya joto haina uchawi. Nenda kwenye duka lolote linalouza soda baridi, omba ruhusa, upitishe mkono nyuma ya friji. Ni moto. Joto lile limetoka kwenye soda: friji imelichota ndani na kulimwaga nje. Sasa chukua mashine hiyo hiyo, uiache ichote joto kutoka kwa hewa ya nje na kulimwaga ndani ya tangi la maji. Basi. Ndani yake mnazunguka gesi inayochemka hata kwenye baridi kali, baadhi ya aina zake ikiwa nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Thika yenye nyuzi 13 kwake ni kama jiko. Gesi hiyo ikishakunywa joto la hewa, kompresa inaibana, inapata moto, inayapasha maji, inarudi kuchota tena. Stima inafanya kazi ya kubeba tu. Ndiyo maana kwa yuniti moja ya stima unapata joto la yuniti tatu hivi, ilhali shawa ya instanti, hata ikiwa ya bei gani, haiwezi kukupa zaidi ya ile moja uliyoinunua.

Tupige hesabu ya nyumba moja. Shawa ya kilowati 5, dakika kumi kwa kila mtu, watu watano: ni yuniti nne na kitu kwa siku, karibu 125 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023 bei ya stima za nyumbani ina madaraja matatu: hadi yuniti 30, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100, na daraja lako huamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kumbe kuoga peke yake kunatosha kukuvusha hadi daraja la juu kabla hujawasha taa, na pale juu hata yuniti za taa na pasi zinauzwa ghali. Weka ushuru na tozo zote, huwezi kukosa kutumia shilingi elfu tatu kwa mwezi kwa maji ya kuoga. Pampu ya joto ingefanya kazi hiyo kwa yuniti 42, pamoja na chache za joto linalopotea tangini. Familia hiyo ingerudi daraja la kati.

Mbona basi hazipo? Watu hunijibu kwamba ni ghali, na mashine ni ghali kweli, tena sana ukiilinganisha na shawa inayouzwa kwenye kila hadwea ya Ruiru. Lakini hilo si jibu kamili. Jibu lenyewe nililipata kwa kukaa miaka tisa katika nyumba za kupanga: anayechagua kifaa si yule anayelipia stima. Landlodi akijenga vyumba arobaini atanunua shawa arobaini za bei rahisi, atazifunga siku moja, na hatalipa tena hata senti. Tokeni ni za mpangaji, na mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenyewe aweke tangi ambalo hataweza kuondoka nalo. Kila mmoja ana akili timamu, na kila mwezi jengo zima linachoma pesa.

Tena si pesa tu. Katika nyumba moja niliyopanga, binti yangu alikuwa na miaka sita aliponiita kutoka bafuni kwa sauti ambayo sijaisahau. Alikuwa ameshika bomba kwa mkono uliolowa. Stima ilimrusha, na nashukuru ilimrusha badala ya kumshika. Fundi alipofungua ile shawa alinionyesha waya wa kijani na manjano, ule unaopaswa kwenda ardhini. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa vizuri ndani ya ukuta, haujaunganishwa na kitu chochote. Yule aliyeufunga alijua ni wa nini. Tangu siku hiyo siwezi kusikia ile "tak" bila kushtuka. Pampu ya joto hukaa juu ya paa au nyuma ya jengo; bafuni panafika maji tu, ndani ya paipu, kama yanavyofika ya baridi.

Serikali iliwahi kujaribu. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mitambo ya kupasha maji kwa jua, na majengo yaliyokuwapo yakapewa miaka mitano. Miaka hiyo imepita zamani. Panda juu ya ghorofa yoyote ya Kihunguro uangalie mapaa: matangi, kamba za nguo, antena. Naipenda mitambo ya jua, na mwenye bangalo yake Ngoingwa hana sababu ya kutoiweka. Lakini ghorofa yenye familia arobaini ina paa la familia nne, na mwezi tunaohitaji maji moto zaidi ndio mwezi jua linapojificha. Hapo ndipo pampu inapofaa: haidai jua, na haidai paa pana.

Tena katika habari ya umeme, nchi ina deni la shukrani kwa eneo letu. Mto Ruiru ndio uliowasha taa za Nairobi mapema karne iliyopita. Mito ya Chania na Thika inakutana, inashuka hadi Tana, na maji yake yanazungusha mitambo ya bwawa la Masinga na mabwawa yaliyo chini yake. Leo sehemu kubwa mno ya stima yetu ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Shida ni saa. Jioni nchi nzima inawasha kwa pamoja, na mwaka 2025 mahitaji ya saa hizo yalipita megawati 2,300. Saa kama hizo ndipo vituo vya mafuta huitwa, na hapa Thika tuna chetu cha megawati 87 kinachochoma mafuta mazito. Usiku wa manane, kinyume chake, mvuke wa Olkaria umewahi kuachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Shawa ya instanti haijui kusubiri. Inataka stima dakika ile ile unayooga. Tangi la pampu linaweza kupashwa saa nane usiku na kukungoja. Viwanda vimekuwa vikipewa bei nafuu ya usiku tangu mwisho wa 2017. Mamlaka ya kawi ikilipatia tangi la maji moto la ploti bei hiyo hiyo, landlodi ataanza kupiga hesabu mwenyewe.

Na asiniambie mtu kwamba mafundi hawapo. Anayetengeneza friji na eyakondishena za magari hapa Thika tayari anajua kompresa, anajua kujaza gesi, anajua kutafuta mahali inapovuja. Anachohitaji ni wiki kadhaa za mafunzo, na Thika Technical na chuo kikuu cha JKUAT pale Juja viko umbali wa matatu moja. Wafundishwe pia kuchagua gesi, kwa kuwa baadhi ya hizi za friji zikivuja hupasha dunia joto maelfu ya mara kuliko hewa ya ukaa, na mkataba wa kuzipunguza ulifikiwa papa hapa Afrika Mashariki, Kigali, Oktoba 2016. Propani, ndugu wa gesi ya mtungi wa jikoni, haina dhambi hiyo, ila inataka fundi makini.

Naiomba kaunti ya Kiambu jambo moja dogo. Ramani ya ghorofa inapoletwa kuidhinishwa, iulizwe: paipu ya maji moto inapita wapi? Paipu ikiwekwa ukuta ukiwa wazi, gharama yake ni ndogo. Ikisubiriwa hadi vigae vishikwe na simenti, hakuna landlodi atakayekubali kuvunja.

Jumanne nilipita karibu na jengo linaloinuka Kihunguro. Orofa tatu zimesimama, ya nne ina mbao za kumwagia zege. Mwenyewe, mzee mstaarabu, alinikaribisha nipande. Kwenye kila bafu kulikuwa na mfereji mmoja uliochimbwa ukutani kwa ajili ya maji baridi, na juu yake tundu la waya wa shawa. Nilimweleza haya yote, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza paipu ya pili kwa kila orofa ingemgharimu ngapi. Tulimwita msimamizi, tukaketi juu ya mifuko ya simenti, tukaanza kupima.