Eti wapangaji ndio wanaoubomoa Mji Mkongwe!

Niliahidi wiki hii nitaendelea na visa vya mazoezi ya kufundisha, lakini visa vitangoja. Kuna jambo limenikaba kooni tangu Alhamisi na nisipolitoa hapa silali.

Alhamisi tulikuwa na semina ya historia, mada miji ya pwani. Mwenzetu mmoja (kijana hodari tu, na madaftari yangu anayajua kuliko mimi) akasimama akasema Mji Mkongwe unakufa kwa sababu ya watu wanaokaa ndani yake. Eti ni wapangaji masikini, hawajui thamani ya nyumba, wahamishwe wote wapewe wawekezaji, mji utang'ara. Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Sisi, walimu watarajiwa! Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitalia, na sababu ya kulia nitaieleza chini huko.

Haya, tuanze na hizo nyumba zenyewe. Bibi yangu anakaa Kiponda, ghorofa ya pili, tangu mwaka 1971. Vyumba viwili virefu vyembamba, unaweza kudhani vilijengwa kwa ajili ya kulaza watu kwa mstari. Nilipokuwa mdogo nikidhani mjenzi alikuwa bahili. Kumbe ni boriti. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita 3 hivi, basi upana wa chumba unaamuliwa na mti uliokatwa msituni, si na tajiri. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kama nusu mita, ndani yake zidaka za kuwekea taa na msahafu. Ndiyo maana mchana wa Februari ukiingia kwa bibi unahisi umeingia kisimani. Hakuna feni na hakuna anayelalamika.

Sasa ukuta wa chokaa una tabia yake: unapumua. Unanyonya unyevu, unautoa. Kila baada ya muda unataka kupakwa upya, paa linataka kuzibwa, mfereji wa maji ya mvua unataka kusafishwa. Ukiziacha hizo kazi ndogo ndogo maji yanaingia kwenye kichwa cha boriti pale inapokaa ndani ya ukuta, boriti inaoza kimya kimya, na siku ya siku dari inashuka na vyombo vyako. Ukija fundi ukaupiga plasta ya saruji ndio umeuzika kabisa, kwa sababu saruji inaufungia unyevu ndani na chokaa ya katikati inalegea ikawa kama uji. Kwa hiyo nyumba hizi haziwezi kuishi bila mtu ndani. Zinataka mtu wa kusikia tone linadondoka usiku wa masika na kupanda juu na beseni.

Sisemi wapangaji ni malaika. Nyumba ambayo mfanyabiashara mmoja aliijenga kwa familia yake leo ina familia saba. Watu wamegawa vyumba kwa mbao, wametia vyoo ghorofani pasipo na choo, wamepandisha juu ya paa tangi la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani nzima ya maji juu ya vijiti vya mikoko. Bibi yangu mwenyewe alipiga saruji ukuta wa jikoni mwaka fulani na akajisifu. Hayo nayakubali. Lakini jiulizeni walifikaje humo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za waliokimbia na za matajiri, ikawaweka watu wa Ng'ambo, wa Pemba, wa bara. Nyingine ni za wakfu. Kodi ikawa ndogo kiasi kwamba haiwezi kutengeneza hata dirisha moja, mwenye nyumba hatengenezi, na mpangaji akitaka kutengeneza anaulizwa kibali kiko wapi. Miaka sitini hivyo hivyo. Halafu unamlaumu bibi wa Kiponda?

Na hebu tuje kwenye ushahidi ambao mwenzangu aliuruka. Beit al-Ajaib. Ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga ufukwe ule ule, jumba la jirani likaangamia, lenyewe likasimama. Ikaja ikawa makumbusho. Haikuwa na mpangaji hata mmoja, hakuna aliyepika wala kuanika kanga roshani. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, upande wake mmoja ukaanguka na watu wawili wakafa. Nieleze basi ni familia gani masikini iliyoliangusha lile!

Upande wa pili kuna Mambo Msiige pale Shangani, jengo la katikati ya karne ya 19 ambalo wazee wanasema chokaa yake ilichanganywa na mayai. Limeunganishwa na jengo jipya kando yake na tangu 2015 ni hoteli ya kifahari. Halikuanguka, ni kweli. Lakini Kamati ya Urithi wa Dunia, ile ile iliyouweka mji huu kwenye orodha yake mwaka 2000, ililalamikia ujenzi ule. Kwa hiyo hata "mji utang'ara" si hoja iliyokwisha. Kung'ara kwa nani?

Kuna wengine huwa wananiambia, lakini hizo ni nyumba za Waarabu na Wahindi, zilijengwa kwa fedha ya karafuu na ya watumwa, ziporomoke tu zinatuhusu nini. Hoja hii naiheshimu zaidi kuliko ile ya semina. Kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, huwezi kupita pale ukajifanya hujui. Lakini nani alivunja matumbawe, nani alichoma chokaa, nani alibeba boriti begani kutoka pwani? Na hii ya kusema mji wa mawe ni wao, Ng'ambo ni sisi, imekorezwa sana na Waingereza. Ramani yao ya 1923, ya Lanchester, iliipanga hivyo hivyo, kila taifa na upande wake. Kabla ya hapo ndani ya mji wa mawe kulikuwa na vibanda vya udongo, na Ng'ambo kulikuwa na nyumba za mawe. Mgawanyo wa mkoloni tumeufanya ukoo wetu.

Sasa ile sababu ya kulia. Mwezi uliopita bibi na majirani wake walipewa barua. Wenye nyumba siwataji, mtanisamehe. Barua inasema nyumba inahitaji matengenezo makubwa, wapangaji wahame ndani ya miezi mitatu. Hakuna neno la kurudi. Nilisoma mara nne nikitafuta neno hilo. Nyumba ya nyuma yao waliambiwa kwa mdomo "mtarudi", leo mlangoni pana kamera na bei ya usiku ni kwa dola. Bibi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, na baraza nayo wanaikarabati, au wanaiacha?" Kwa sababu kwenye ile baraza ya mawe ndipo anapouza visheti kila alasiri, na ndipo aliponifundisha alifu-be-te.

Ninachotaka si kikubwa. Nyumba ikitengenezwa, wapangaji wapewe karatasi yenye sahihi ya kurudi, kodi iongezwe kwa kiasi kinachojulikana (ndiyo, iongezwe, hii ya bure imetuua), na fundi wa chokaa aitwe kabla ya fundi wa saruji. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, sheria zipo, wataalamu wapo. Anayehesabiwa mwisho ni mkaazi.

Jumanne baada ya magharibi wapangaji wote wanakutana barazani kuijibu ile barua. Bibi kaniambia nije na kalamu. Na wewe mwenzangu wa semina, najua unasoma hapa, njoo pia, visheti vipo. Uje na daftari langu.